Kipindi Kilichokupita Utakipata Wapi?

   Leo mtaniwia radhi, maana nataka kuzungumza habari za runinga ndani ya redio. Mwenye duka hasifu duka la jirani, lakini swali hili limeniganda kwa muda, na jibu lake linatuhusu sisi watu wa delta ya Mto Tana kuliko watu wa mjini.

Swali ni hili. Vituo vya runinga vya Kenya siku hizi vinaweka vipindi vyake mtandaoni, na vingi havidai hata shilingi. Kikikupita jana usiku, unakitafuta leo kwenye simu. Sasa, kwa mtu aliye Chara, huku delta, huduma hii ya bure inamfaa kiasi gani? Na katika vituo hivi, ni kipi kinachomjali mtu kama yeye?

Kwanza tujue ni nani anayepitwa na kipindi, na kwa nini. Mtu wa Nairobi hupitwa kwa sababu ya msongamano wa magari: anafika nyumbani saa tatu, habari zimekwisha, basi anafungua simu anaendelea na maisha yake. Huku kwetu mambo ni mengine. Saa moja jioni, Nairobi inaposoma taarifa ya habari ya Kiswahili, mkulima wa mpunga yuko juu ya dungu shambani. Mchana kutwa amefukuza ndege, na usiku ukiingia viboko hutoka majini kuja kula alichopanda. Hawezi kumwambia kiboko asubiri Nipashe ya Citizen imalizike. Mama naye ana sola inayowasha taa mbili na runinga ndogo. Ikiwa mawingu yalitanda mchana, betri inakata kabla hata vichwa vya habari havijasomwa. Mtu wetu, kwa hiyo, hapitwi na kipindi siku mojamoja. Anapitwa karibu kila siku, na ndiye aliyestahili kufikiriwa kwanza huduma hizi zilipoanzishwa.

Msinifikirie kwamba nasikitikia tamthilia tu. Tamthilia nazipenda, nitazifikia. Lakini kuna habari zikikupita unalia kilio cha kweli. Mto Tana tunaounywa sisi umepitia kwanza kwenye mabwawa ya umeme ya huko juu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikizidi huko, Masinga likajaa na maji yakaanza kumwagika juu ya ukingo, KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, hutoa tahadhari na vituo huitangaza. Maji yenyewe hayafiki kwetu siku hiyo. Yana safari ndefu ya kupita Garissa na Hola, ya siku kadhaa, ndipo yaingie delta. Siku hizo kadhaa ndizo za kuvuna mpunga uliokaribia kukomaa, kuhamisha mbuzi, na kupandisha magunia mahali pa juu. Aliyeona mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa mwaka 2023, kisha yale ya Aprili na Mei mwaka 2024, hahitaji kuelezwa thamani ya siku hizo. Basi taarifa ile ya saa moja ikimpita mtu wa Chara, asubuhi yake aweze kuiona yote, na aione bila kutafuta kwa tochi.

Tumefikaje hapa? Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, ikawa mkononi mwa serikali peke yake mpaka KTN ilipoingia mwaka 1990. Baadaye zikaja Nation TV, ambayo leo tunaiita NTV, na Citizen, na K24, na nyingine nyingi. Zama hizo kipindi kikipita kimepita. Kichekesho cha Vitimbi kikikukosa, unasubiri jirani akuhadithie, naye atakuhadithia kwa chumvi zake. Mwaka 2015 tukahamishwa kutoka analojia kwenda dijitali, na katika vuta nikuvute ile Citizen, NTV na KTN zikazimika kuanzia katikati ya Februari hadi mwanzoni mwa Machi. Aliyekuwa na antena tu akabaki na kioo cheusi, akatakiwa anunue king'amuzi.

Halafu ikaja tarehe 30 Januari 2018. Serikali ilikata mawimbi ya vituo hivyohivyo vitatu siku ya kiapo cha kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, pale Uhuru Park. Mahakama Kuu ikaamuru virudishwe, lakini NTV na KTN zilirudi hewani baada ya karibu wiki moja, na Citizen tarehe 8 Februari. Katika siku hizo vituo havikunyamaza. Viliendelea kutangaza mubashara kupitia YouTube na Facebook, na Wakenya wengi wakajifunza kwa mara ya kwanza kwamba runinga inaweza kukaa ndani ya simu. Tarehe 25 Juni 2025 hali ikajirudia: Mamlaka ya Mawasiliano ilipiga marufuku kurusha maandamano moja kwa moja, NTV na KTN zikazimwa, matangazo yakaendelea mtandaoni mpaka mahakama ikaingilia siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtandao kwa vituo vyetu ulikuwa pia mlango wa nyuma wa kutokea mlango wa mbele unapofungwa. Tatizo ni kwamba mlango huo wa nyuma unafunguka vizuri zaidi kwa aliye karibu na mnara wa simu.

Tuingie sasa kwenye kulinganisha. Nimeyagawa mambo mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni YouTube. Citizen, NTV, KTN, KBC, K24 na TV47, vyote viko huko, na huko ndiko bure ilikojaa. Hudaiwi kujiandikisha wala nambari ya siri. Unalipia kwa kutazama matangazo ya biashara tu. Kila kituo kina ubora wake. Ukitaka vichekesho na tamthilia za nyumbani, Citizen ina ghala kubwa: Inspekta Mwala, Papa Shirandula, Mother-in-Law. Ukitaka uchunguzi wa kukukosesha usingizi, KTN ndiyo iliyozaa Jicho Pevu ya Mohammed Ali, yule ambaye sasa ni mbunge wa Nyali, na makala zile bado watu wanazitafuta miaka mingi baadaye. Na ukitaka kumwonyesha mtoto wako kile alichokuwa akicheka babu yake, KBC ndiyo yenye Vitimbi na Vioja Mahakamani. Hakuna kituo kingine Kenya chenye kumbukumbu ndefu kama ya KBC, kwa sababu kwa miaka karibu thelathini hakukuwa na kituo kingine.

Fungu la pili ni huduma za kulipia. Viusasa ilianza mwaka 2017, nayo ilitengenezwa kwa kumfikiria Mkenya wa kawaida: unalipa pesa kidogo kwa simu, unatazama vipindi vya nyumbani. Tanzania wana AzamTV Max. Hizi sizilaumu kwa kudai chochote. Tamthilia kama Maria, Zora au Sultana, zilizotengenezwa na Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla, zina waigizaji, wapiga picha, watu wa taa, wapishi na madereva, nao wote wana watoto wa kulisha. Na kwetu Pwani tamthilia hizi zimetupa kitu: tumesikia Kiswahili chetu kikisemwa saa ya watu wengi kutazama, bila kugeuzwa mzaha. Anayetaka kuona kipindi cha kesho leo, alipe. Ila mjue kwamba malipo hayo hayajahesabu bando. Unalipa mlangoni, halafu unalipa tena njia ya kufika mlangoni.

Fungu la tatu ni huduma za nje, ambazo ndugu zetu walioko ng'ambo hutusifia kwenye simu. Walioko Uingereza wana BBC iPlayer, iliyoanza siku ya Krismasi mwaka 2007. Mwanzoni kipindi kilikaa siku 7 tu kikaondolewa. Baadaye zikawa 30. Siku hizi vipindi vingi hukaa mwaka mzima au zaidi. Afrika Kusini shirika lao la utangazaji lilianzisha SABC+ mwaka 2022. Ukisikia hivyo unatamani. Lakini iPlayer ukiifungua ukiwa Garsen, inakuambia haipatikani ulipo. Na hata huko kwao, hiyo bure ina mwenyewe: kila nyumba inayoitazama inatakiwa iwe na leseni ya runinga, ambayo mwezi Aprili 2025 ilikuwa pauni 174 na nusu kwa mwaka. Waingereza hawapewi bure. Wamelipa kwa pamoja kabla hawajawasha. Faida yao ni kwamba wakishalipa, wanajua wanachodai: kipindi kizima, kilichopangwa, chenye tarehe, kinachokaa muda unaojulikana.

Hapo ndipo penye mzizi wa maneno yangu. Tukizoea neno bure tunaona haya kudai. Mtu akikupa kitu cha bure kikiwa nusu, unasema ahsante unaondoka. Lakini sisi hatupewi bure. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa data kuwa asilimia 15, kutoka 20, na juu ya huo kuna VAT. Kila bando unalonunua dukani limeshakatwa. Ukiongeza chaji ya simu kwa asiye na sola, ukaongeza na nauli ya boda boda ya kufuata netiweki barabarani, taarifa ya habari ya bure inaweza kumgharimu mtu wa Chara kuliko gazeti.

Basi nina vipimo vinne, na naomba mvitumie nyinyi wenyewe kupima kituo mnachokipenda.

Kipimo cha kwanza: je, kipindi ni kizima? Mtindo ulioenea ni kuikatakata taarifa ya saa moja vipande vya dakika mbili mbili, kila kipande na kichwa chake cha kupiga kelele. Mwenye intaneti ya ofisini hilo halimsumbui. Lakini fikiria mama aliyenunua bando la shilingi ishirini: kila kipande ni tangazo jipya la biashara, ni kusubiri kipya, na ni duara lilelile linalozunguka katikati ya kioo. Kipande cha siasa atakipata mbele kabisa. Kipande cha Masinga kiko chini, nyuma ya vipande vingine ishirini. Kituo kinachoweka taarifa nzima ya Kiswahili, kuanzia vichwa vya habari mpaka hali ya hewa, mahali pamoja, kimemsaidia mama huyu kuliko kinachomwekea vipande hamsini.

Kipimo cha pili: je, jina linasema ukweli? Kichwa cha video kiwe na tarehe, jina la kipindi na mahali habari ilikotoka. Mtu akiandika Tana River kwenye kutafuta, apate habari za Tana River. Leo ukiandika hivyo unaweza kuletewa mafuriko ya mwaka mwingine ukadhani ni ya jana, ukahamisha mifugo bure; au ukaona ya jana ukadhani ni ya zamani, ukalala. Katika delta kosa la namna hiyo lina gharama.

Kipimo cha tatu: je, ni nyepesi? Hapa nawapa somo dogo, kwa maana wengi hawalijui. Ukiwa unatazama YouTube, gusa kioo, utaona alama ya gurudumu lenye meno kwa juu. Bonyeza hapo, tafuta palipoandikwa ubora wa picha, halafu uchague mwenyewe. Ukiiacha simu ijichagulie, netiweki ikiwa nzuri inaweza kuchukua 720, na hapo saa moja ya kutazama inakula megabaiti elfu moja au zaidi. Ukiteremsha hadi 360, saa hiyohiyo inakula kama mia tatu au mia nne. Ukishuka hadi 144, ni kama mia moja au chini yake. Picha ya 144 haipendezi, uso wa msomaji unakuwa kama umepakwa unga, lakini sauti inasikika vizuri na maandishi makubwa yanasomeka. Kwa taarifa ya habari inatosha kabisa. Na mkiwa kundi, mmoja mwenye netiweki aipakue mara moja pale ambapo kitufe cha kupakua kinakubali, wengine mkae mtazame pamoja.

Kwa kweli watu wetu walikwisha kuligundua hilo kabla yangu. Nendeni duka lolote la kuchaji simu huku delta. Simu zimepangwa kwenye ubao, kila moja na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la mwenyewe. Pembeni kijana ana kompyuta kuukuu na waya, na ukimpa flashi au kadi ya simu anakuwekea muvi zilizotafsiriwa na DJ Afro, nyimbo za taarabu, na tamthilia za wiki nzima. Huyo kijana ndiye huduma ya vipindi vilivyopita ya Chara. Anajua nani anapenda nini, hahitaji mnara, na bei yake inaeleweka. Ana upungufu wa mambo mawili: hawekewi habari za jana na mtu yeyote, na vingi anavyouza wenyewe waliovitengeneza hawapati hata senti. Kituo chenye akili kingemtafuta kijana huyu kikamfanya wakala, badala ya kumwita mwizi.

Kipimo cha nne: je, kinadumu? Habari ya mafuriko haina kazi siku ya mafuriko peke yake. Miezi sita baadaye kunapokuwa na kikao cha msaada, au mwaka mmoja baadaye wakati wa kujadili tuta na mfereji, mtu anataka kuonyesha: hapa ndipo maji yalipofika, huyu ndiye kiongozi aliyesimama kwenye mashua akaahidi mbele ya kamera. Video ikiondolewa au ikipotea kwenye rundo lisilo na majina, ahadi nayo imekwenda na maji. Ndiyo maana nasema tamthilia nitailipia, lakini taarifa ya habari iwe wazi, iwe nzima, na ibaki.

Najua kuna atakayeniuliza: mbona usituambie tu tusikilize redio? Redio msikilizeni, msije mkanikosesha kazi. Ila kuna mambo yanayotaka macho. Ramani ya mahali maji yalipofika, ugonjwa wa mmea unavyoonekana kwenye jani, sura ya mtu aliyepotea: hayo nitayaeleza hadi koo likauke, na picha moja itanishinda.

Pia kuna atakayesema kwamba vituo ni biashara, havina deni kwetu. Kwa vituo vya watu binafsi nakubali nusu. Kwa KBC sikubali hata robo. KBC ni shirika la umma, limeundwa kwa sheria ya Bunge, na kodi yetu imo ndani yake. Na sisi watu wa Mto Tana tuna dai letu la pekee. Wimbo wa taifa wa Kenya, ule unaopigwa sote tukasimama, muziki wake ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Kenya nzima imeazima sauti ya mama zetu tangu mwaka 1963. Sidhani ni kiburi mama hao wakiomba, nao, kuwekewa taarifa nzima ya Kiswahili kila usiku: yenye tarehe, kwa ubora mwepesi, na nakala ya sauti peke yake kwa asiyeweza kupakua picha.

Lakini taarifa hiyo haitatufikia bila umeme na mnara. Tana River ni mojawapo ya kaunti 14 zilizoingizwa katika mradi wa serikali wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na nyaya za stima. Sola ikifika na mnara usifike, tumepata taa ya kutazamia kioo kitupu. Kwa hiyo mbunge, mwakilishi wa wadi, au mtu wa kampuni ya simu akija kwenye baraza, msimuulize barabara tu. Muulizeni netiweki ya Chara iko wapi.

Na kabla sijawaaga, tahadhari moja. Ukitumiwa kwenye WhatsApp kiungo kinachosema tazama kipindi kamili hapa bure, halafu kikakuomba nambari yako ya siri ya M-Pesa, kifute. Hakuna kituo halali kinachohitaji nambari hiyo ili ukione kipindi.

Kwa tathmini yangu basi: kwa burudani, Citizen inaongoza kwa wingi, kwa makala za uchunguzi, KTN imeacha alama, kwa kumbukumbu, KBC haina mshindani, na kwa mtu aliye juu ya dungu akilinda mpunga wake, hakuna hata kimoja ambacho kimemfikia bado. Wakitaka kuanza, waanze na taarifa ya saa moja, nzima, kila siku.